KIDEGE CHA ZINKI NA NDEGE YA KISUMU: USOMAJI WA KISEMIOTIKI WA VICHEZEO VYA NDEGE VYA MIAKA YA 1930

Ikisiri

Kichezeo huchukuliwa na wengi kuwa kitu cha kumliwaza mtoto tu, kisichostahili kushughulisha akili ya msomi. Makala haya yanapinga mtazamo huo. Kwa kutumia misingi ya semiotiki, yanachunguza videge vya kuchezea na seti za kuundia ndege zilizotengenezwa na kampuni ya Meccano mjini Liverpool, Uingereza, katika miaka ya 1930. Uzito mkubwa unatiliwa kidege kimoja kilichoiga ndege ya abiria iliyokuwa ikiruka kati ya Kisumu na kusini mwa Afrika. Makala yanaonyesha kwamba umbo la kichezeo, hata likifanana vipi na umbo la ndege halisi, halijitoshelezi kimaana. Jina na rangi ndivyo vinavyoikamilisha maana hiyo. Aidha, yanaonyesha jinsi sarufi ya Kiswahili inavyomtenga ndege mwenye uhai na ndege ya abiria, na mahali ambapo utengano huo hupotea.

1.0 Utangulizi

Wahenga walisema, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Malezi hayo hayatokani na maneno ya wazazi na walimu peke yake. Hutokana pia na vitu ambavyo mtoto huwekewa mkononi. Mtoto anayepewa jembe dogo hufunzwa jambo moja kuhusu ulimwengu, naye anayepewa bunduki ya mbao hufunzwa jambo jingine, hata kama hakuna mtu aliyetamka neno. Kwa hiyo, kichezeo ni aina ya matini. Kina mtungaji, kina hadhira, kina ujumbe, na kama matini nyingine yoyote, kinaweza kusomwa juujuu au kusomwa kwa kina.

Wanafunzi wa Kiswahili wamezoea kuzielekeza nadharia za usomaji kwenye riwaya, tamthilia, ushairi na fasihi simulizi. Hilo ni jambo jema, lakini lina hatari yake: mwanafunzi anaweza kuhitimu akiwa hodari wa kuichambua tamathali katika shairi, ilhali vitu vinavyomzunguka kila siku vinamzungumzia naye havisikii. Makala haya yanachukua mfano ulio mbali na fasihi ili kuonyesha kwamba zana zile zile zinaweza kufanya kazi huko. Mfano wenyewe ni videge vya kuchezea vya miaka ya 1930, ambavyo vilitengenezwa Ulaya kwa ajili ya watoto wa Ulaya, lakini ambavyo, kama itakavyobainika, vina uhusiano wa moja kwa moja na historia ya Afrika Mashariki.

2.0 Mhimili wa Nadharia

Semiotiki ni taaluma inayochunguza ishara na jinsi zinavyozalisha maana. Ferdinand de Saussure (1857–1913), mwanaisimu wa Uswisi, alieleza kwamba ishara ya lugha ina pande mbili: kiashiria, yaani umbo la sauti, na kiashiriwa, yaani dhana inayoibuliwa na umbo hilo. Uhusiano wa pande hizi mbili ni wa kinasibu. Hakuna sababu ya kimaumbile inayofanya sauti za neno *meza* zibebe dhana ya meza.

Mwanafalsafa wa Marekani, Charles Sanders Peirce (1839–1914), alizigawa ishara katika aina tatu zinazofaa sana mjadala huu. Ya kwanza ni ikoni, ambayo huashiria kwa kufanana na kitu kinachoashiriwa, kama vile picha au ramani. Ya pili ni kielekezi, ambacho huashiria kwa kuwa na uhusiano wa kweli na kitu hicho. Waswahili waliposema kwamba dalili ya mvua ni mawingu walikuwa wakizungumzia kielekezi. Ya tatu ni alama, ambayo huashiria kwa makubaliano ya jamii, kama yalivyo maneno mengi ya lugha.

Kwa mtazamo wa kwanza, kidege cha kuchezea ni ikoni safi: kina mabawa kwa sababu ndege ina mabawa, kina mkia kwa sababu ndege ina mkia. Hata hivyo, ikumbukwe kwamba ikoni haiigi kila sifa. Ikoni huchagua. Kidege huchukua umbo na kuacha uzito, huchukua injini na kuacha ngurumo yake, huchukua kiwiliwili na kuwaacha abiria. Swali la mhakiki si "kidege kinafanana na nini?" pekee, bali pia "kimechukua nini, kimeacha nini, na uteuzi huo unamfaidi nani?"

Swali hilo la mwisho ndilo lililomshughulisha Mfaransa Roland Barthes katika kitabu chake *Mythologies* cha mwaka 1957. Katika insha yake fupi kuhusu vichezeo, Barthes alidai kwamba vichezeo vya Ufaransa ya wakati wake vilikuwa ulimwengu wa watu wazima uliopunguzwa ukubwa: jeshi, posta, hospitali, vyombo vya usafiri. Mtoto hupewa ulimwengu ulioundwa tayari, akafunzwa kuukubali kabla hajaweza kuuliza maswali. Huwa mmiliki na mtumiaji, hawi muumbaji. Barthes alivitofautisha vichezeo hivyo na vipande sahili vya kujengea, ambavyo humpa mtoto nafasi ya kuumba. Tofauti hii kati ya mtumiaji na muundaji itarejelewa baadaye.

3.0 Usuli: Kutoka Ukanda wa Chuma hadi Kidege Kizima

Frank Hornby, aliyezaliwa Liverpool mwaka 1863, alipata hataza ya uvumbuzi wake mwaka 1901. Uvumbuzi huo ulikuwa seti ya kanda za chuma zenye matundu, ambazo mtoto aliweza kuziunganisha kwa bolti na nati na kuunda kreni, daraja au gari. Mwaka 1907 seti hiyo ilianza kuitwa Meccano. Siri ya mafanikio yake ilikuwa usahili wa kanuni moja: matundu yote yalitengana kwa nusu inchi. Kwa sababu hiyo, kipande chochote kiliweza kuungana na kipande kingine chochote. Mwaka 1914 kampuni ilihamia katika kiwanda cha barabara ya Binns Road, na mwaka 1916 ikaanzisha jarida lake, *Meccano Magazine*, lililowaeleza vijana habari za reli, meli, madaraja na, kadiri miaka ilivyosonga, ndege.

Ndege iliwapa mafundi wa Meccano changamoto. Ukanda ulionyooka unafaa daraja, lakini haufai bawa wala kiwiliwili chenye umbo la samaki. Kwa hiyo, mwanzoni mwa miaka ya 1930 kampuni ilitoa seti maalumu za kuundia ndege, ambazo vipande vyake vya bati vilikuwa vimekwisha kukunjwa kwa maumbo ya mabawa, mkia na kiwiliwili. Kwa vipande hivyo mtoto aliweza kuunda ndege ya bawa moja kila upande, akaifungua, akaunda ndege ya mabawa ya ghorofa mbili, akaifungua tena, akaunda ya kutua majini.

Mwaka 1934 kampuni hiyo hiyo ilianza kutumia jina Dinky Toys kwa vichezeo vidogo vya chuma vilivyomiminwa katika kalibu na kuuzwa vikiwa vimekamilika na kupakwa rangi. Mwaka huo huo videge sita vya kwanza vilitolewa kwa pamoja, vikiwa vimeiga ndege za wakati huo. Miongoni mwavyo mlikuwa na Leopard Moth, Percival Gull, na chombo cha Cierva chenye panga zinazozunguka juu yake. Cha kwanza katika orodha hiyo, chenye namba 60a, kiliuzwa kwa jina lenye maana ya "ndege ya abiria ya Imperial Airways". Hicho ndicho kitovu cha uchunguzi huu.

4.0 Kidege cha Liverpool na Ndege ya Kisumu

Kidege namba 60a hakikuwa ndege ya kubuni. Kiliiga ndege aina ya Atalanta, iliyoundwa na kampuni ya Armstrong Whitworth na kurushwa kwa mara ya kwanza mwaka 1932. Atalanta ziliundwa nane tu, na sababu kuu ya kuundwa kwake ilikuwa Afrika.

Shirika la Imperial Airways lilifungua njia ya anga kutoka London hadi Mwanza mwaka 1931, na mwanzoni mwa mwaka 1932 njia hiyo ikafika Cape Town. Sehemu ya kusini ya Kisumu ilikuwa na matatizo yake. Viwanja vilikuwa katika nyanda za juu ambako hewa ni nyepesi, na joto la mchana liliifanya kuwa nyepesi zaidi. Katika hali hiyo mabawa hupata nguvu ndogo ya kuinua na injini hupoteza uwezo wake. Mahali ambapo rubani angeweza kutua kwa dharura palikuwa pachache. Ndiyo maana Atalanta ilipewa injini nne, ili moja ikizimika angani nyingine ziendelee kuibeba. Tangu mwaka 1933 ndege hizi zilihudumu kutoka Kisumu kuelekea kusini, zikipitia Nairobi, Dodoma na Mbeya. Mojawapo, iliyoitwa Amalthea, iligonga mlima karibu na Kisumu mwezi Julai 1938, na waliokuwamo wakapoteza maisha.

Mtoto wa Liverpool aliyekisukuma kidege chake juu ya zulia hakuyajua hayo yote. Injini nne alikuwa nazo mkononi, lakini sababu ya injini hizo, yaani joto la Dodoma na miinuko ya Nairobi, haikuwamo katika zinki. Hali kadhalika, kidege hakikuonyesha vibarua Waafrika waliofyeka vichaka na kusawazisha ardhi ili ndege hiyo iweze kutua, wala hakikuonyesha kwamba watu wa nchi zilizopitiwa na njia hiyo waliitazama tu ikipita juu ya mashamba yao, kwa kuwa nauli yake haikuwekwa kwa ajili yao. Kilichosalia ni umbo zuri lenye jina la himaya. Hapa ndipo uteuzi wa ikoni unapodhihirika: kidege kilichukua fahari ya safari, kikaiacha nchi iliyosafiriwa.

Mfano wa pili unathibitisha jambo hili. Mwaka 1937 Imperial Airways ilianza kutumia ndege kubwa za majini, zilizojulikana kama Empire, katika njia ya kuelekea Durban. Ndege hizo zilitua katika Ziwa Viktoria huko Kisumu, kisha katika maji ya Mombasa, Dar es Salaam na Lindi. Mwaka huo huo Dinky Toys ilitoa kidege chake. Ndege halisi haikuwa na magurudumu, kwa kuwa tumbo lake lilikuwa kama la mashua. Kidege, hata hivyo, kilifichiwa kigurudumu kidogo chini ya tumbo hilo ili kiweze kuteleza sakafuni. Ikoni ililazimika kusema uongo mdogo kwa sababu mtoto hana ziwa sebuleni. Uongo huo ni wa kusameheka, lakini unamkumbusha mhakiki kwamba kila kielelezo huundwa kwa kuzingatia mahitaji ya mtumiaji wake, si ukweli wa kitu kinachoigwa pekee.

5.0 Rangi na Jina: Kidege cha Abiria Kinapogeuka cha Kivita

Ithibati iliyo wazi zaidi ya hoja ya makala haya ilitokea mwaka 1940. Vita Vikuu vya Pili vilikuwa vimeanza, na Dinky Toys ilitoa upya videge vyake vya mwaka 1934 vikiwa katika kundi jipya lenye namba 66. Kalibu zilikuwa zile zile. Hakuna bawa lililorefushwa wala mkia uliobadilishwa. Kilichobadilika ni mambo mawili tu: rangi na jina. Kidege 60a, ndege ya abiria ya Imperial Airways, kilipakwa mabaka ya kijani na kahawia ya kijeshi, kikaitwa "ndege nzito ya kudondosha mabomu" na kupewa namba 66a. Leopard Moth, ndege ndogo ya watu binafsi, iligeuzwa kuwa ndege ya kivita kwa njia hiyo hiyo, na wenzake vivyo hivyo.

Tukio hili linastahili kutazamwa kwa makini na mwanafunzi wa lugha. Ikiwa kidege ni ikoni safi, basi umbo la Atalanta lingepaswa kuendelea kumaanisha Atalanta. Lakini halikufanya hivyo. Umbo lile lile, likiwa na jina jingine, liliashiria kitu kingine kabisa: si chombo cha kubeba watu bali chombo cha kuwaangamiza. Kwa istilahi za Saussure, kiashiria cha chuma kilibaki na kiashiriwa kikabadilika. Kwa istilahi za Peirce, alama iliitawala ikoni: makubaliano ya jamii, yaliyoandikwa kwenye boksi, yalikuwa na nguvu kuliko mfanano.

Mtu anaweza kudai kwamba hiyo ilikuwa hila ya kibiashara tu. Huenda. Hata hivyo, hila hiyo isingefaulu kama lugha isingekuwa na uwezo huo. Aidha, historia yenyewe ilifuata mkondo wa kichezeo. Mwaka 1941 Atalanta halisi zilizosalia zilitwaliwa kwa kazi za kijeshi nchini India, zikatumwa kufanya doria pwani. Kilichofanyiwa kidege kwa brashi kiwandani kilifanyiwa ndege yenyewe kwa amri ya serikali. Msomi anayejua kwamba vyombo vya umma huweza kubadilishiwa kazi kwa kubadilishiwa majina atayasoma magazeti ya nchi yoyote kwa tahadhari zaidi.

6.0 Mtumiaji na Muundaji

Tofauti aliyoiweka Barthes kati ya mtumiaji na muundaji inaonekana waziwazi ndani ya kampuni hii moja. Kidege cha Dinky kilikuwa sentensi iliyokwisha kutungwa. Mtoto aliweza kuirudia tu. Seti ya Meccano, kwa upande mwingine, ilikuwa sarufi. Mfanano huu na lugha si wa juujuu. Kama vile matundu ya nusu inchi yalivyoruhusu kila kipande kushikamana na kingine, ndivyo kanuni za mofolojia ya Kiswahili zinavyoruhusu mofimu kushikamana na kuzalisha maneno yasiyohesabika. Tazama kitenzi *hawatakiunda*: ha-wa-ta-ki-und-a. Ondoa *ha-* upate *watakiunda*. Badilisha *-ta-* kwa *-me-* upate *wamekiunda*. Weka *-li-* mahali pa *-ki-* upate *wameliunda*. Anayeijua kanuni hahitaji kukariri maneno yote. Vivyo hivyo, mtoto aliyeijua kanuni ya matundu hakuhitaji kununua kila ndege.

Hata hivyo, seti maalumu za kuundia ndege zilikuwa na upungufu. Barthes alishauri kwamba vipande vya kujengea visifanywe mahususi kupita kiasi, kwa sababu kadiri kipande kinavyofanana na kitu fulani, ndivyo kinavyopoteza uwezo wa kuwa kitu kingine. Ukanda ulionyooka unaweza kuwa bawa, reli au mguu wa kreni. Bawa lililokunjwa kiwandani linaweza kuwa bawa tu. Seti hizo ziliongeza mfanano na kupunguza uhuru. Isisahaulike pia kwamba matangazo ya Meccano yaliwalenga wavulana. Msichana aliachwa nje ya sarufi hiyo kabla hajaigusa bolti.

Njia ya tatu ilikuwa ya vielelezo vya skeli, yaani vilivyopunguzwa kwa uwiano maalumu. Nchini Uingereza uwiano wa 1:72 ulienea katika miaka ya 1930. Sababu yake ni rahisi: inchi moja ya kielelezo huwakilisha futi sita za kitu halisi, hivyo mtu mwenye kimo cha futi sita huwa na kimo cha inchi moja. Mwaka 1936 chapa ya FROG ilitoa vielelezo vya plastiki vya kuunganishwa kwa gundi katika uwiano huo, na mwaka 1953 kampuni ya Airfix ilitoa Spitfire yake ya kwanza. Katika vielelezo hivi mtoto huunganisha vipande kwa mikono yake, lakini njia ya kuviunganisha ni moja tu. Ni mfano wa mwanafunzi anayejaza mapengo katika sentensi ya mwalimu: hajakaa bure, lakini hajatunga.

Nguvu ya kielelezo cha skeli ilidhihirika wakati wa vita. Mwaka 1942 jeshi la majini la Marekani liliomba wanafunzi wa shule za sekondari waliunde vielelezo 500,000 vya ndege za kirafiki na za adui kwa uwiano wa 1:72, ili askari na wananchi wajifunze kuzitambua. Kielelezo kikitazamwa kwa umbali unaofaa huonekana kama ndege halisi iliyo mbali angani. Kosa la kutofautisha mstari wa bawa moja na wa jingine lingeweza kusababisha mtu kuipiga ndege ya upande wake. Kwa wakati huo, uaminifu wa ikoni ulikuwa suala la uhai na kifo.

7.0 Ndege, Dege na Kidege

Uchunguzi wa vitu hivi unazua swali la istilahi. Kiswahili kilipokutana na chombo cha angani hakikubaki na neno la kukopa *eropleni* peke yake. Kilitumia sitiari, kikakiita chombo hicho kwa jina la kiumbe kinachofanana nacho. Kwa hiyo, neno *ndege* lenyewe lina chembe ya uikoni. Viungo vya chombo vilifuata mkondo huo: mabawa, mkia, tumbo. Wakati huo huo, baharini ndiko kulikotoka *rubani*, ambaye kabla ya kuongoza ndege aliongoza vyombo vya majini. Mwili wa chombo ulitokana na ndege, na uongozi wake ukatokana na bahari.

Sarufi ilizuia utata usizuke. Tazama mifano ifuatayo:

(a) Ndege ametua.
(b) Ndege imetua.

Katika (a) upatanisho wa A-WA unaonyesha kiumbe mwenye uhai; katika (b) upatanisho wa I-ZI unaonyesha chombo. Nomino ni moja, lakini kiambishi cha kitenzi kinaamua maana. Ni jambo linalofanana na lile la kidege 60a na 66a: umbo halikubadilika, kilichokuja kando yake ndicho kilichobadilisha maana.

Tatizo hutokea katika ukubwa na udogo:

(c) Dege limetua.
(d) Kidege kimetua.

Katika (c) na (d) viambishi vya *LI-* na *KI-* vinafuta tofauti ya uhai na kutokuwa na uhai. Sentensi (d) inaweza kumhusu kinda, ndege ndogo ya abiria wachache, au kichezeo cha zinki. Maana tatu zimebanana katika umbo moja, na muktadha pekee ndio unaoweza kuzitenga. Katika mazungumzo ya nyumbani hilo halina madhara. Katika maandishi ya kitaaluma, kama vile maelezo ya vifaa vya makumbusho au vitabu vya fizikia, linaweza kupotosha.

Makala haya yanapendekeza matumizi ya istilahi tatu zilizo wazi. *Kichezeo cha ndege* kitumike kwa kitu kilichotengenezwa kwa ajili ya mchezo, bila kujali uwiano wake. *Kielelezo cha ndege* kitumike pale ambapo uwiano umezingatiwa na kutajwa. *Seti ya kuundia ndege* itumike kwa mkusanyiko wa vipande. Kitenzi *unda* kinafaa sana hapa, kwa kuwa ni kitenzi cha mafundi wa majahazi wa Lamu na pwani nzima, na kizazi chake kinajumuisha *muundo*, *kiunzi* na *uundaji*. Hakuna haja ya kuazima neno ilhali fundi wa jahazi alikwisha kutuachia.

8.0 Hitimisho

Katika zile Atalanta nane, hakuna hata moja iliyosalia. Ndege za majini za Empire nazo, hakuna iliyobaki nzima. Anayetaka kuviona vyombo vilivyofungua njia ya Kisumu kwa macho yake, na si kwa picha, anabakia na videge vya kuchezea. Navyo havina muda mrefu. Vichezeo vingi vya Dinky vya kabla ya vita vilimiminwa kwa aloi ya zinki iliyochanganyika na chembe za madini ya risasi, na uchafu huo huifanya aloi ivimbe, ipasuke na kumeguka miaka inavyopita. Kiwanda cha Binns Road nacho kilifungwa mwaka 1979. Kichezeo kilichodharauliwa kimegeuka kuwa hifadhi ya kumbukumbu, na hifadhi yenyewe inaliwa kutoka ndani.

Makala yameonyesha kwamba kidege ni ishara iliyoteua, kwamba jina na rangi vina uwezo wa kuigeuza ishara hiyo kuwa kinyume chake, na kwamba Kiswahili kina nyenzo za kueleza hali hii kwa usahihi iwapo watumiaji wake watakuwa waangalifu. Inapendekezwa kwamba wanafunzi wavielekeze viunzi vya semiotiki kwenye vichezeo vilivyo karibu nao zaidi, hasa vile vinavyoundwa na watoto wenyewe kwa waya, makopo na vizibo katika vijiji na mitaa ya Afrika Mashariki. Mtoto anayekunja waya hadi upate umbo la ndege aliyoiona ikipita juu hakupewa kalibu wala boksi lenye jina. Yeye ndiye anayeamua achukue nini na aache nini, na jina la kidege chake hulitoa mwenyewe. Kwa vipimo vya Barthes, huyo ndiye muundaji. Na uteuzi wake, tofauti na ule wa Liverpool, bado haujachunguzwa vya kutosha kwa lugha anayoizungumza.